Laini ya Bright

Bwera, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Musinguzi,

Pokea salamu zetu sote. Mama anakusalimu, Edisa anakusalimu, na mimi ninayeandika ni mzima ila kwa mafua ya vumbi la barabara. Mvua imekatika tangu Krismasi. Kule Bugoye kahawa ya Mama imekauka vizuri uani, na mguu wake wa kushoto umepungua uvimbe. Huenda kanisani bila fimbo ili watu wamwone, akirudi nyumbani anaiomba. Mimi bado niko kwa yule wakala wa forodha hapa mpakani, napokea makaratasi ya malori yanayovuka, na Jumamosi napanda kwenda kwa Mama.

Utashangaa kupata barua ya posta wakati sote tuna simu. Nina sababu mbili. Ya kwanza, kwa simu Mama hukaa ubavuni mwangu akiuliza, "Anasema nini?" Ya pili, tulipoligusa jambo hili kwa simu mwaka jana ulinipigia kelele, nami nikakupigia kelele, ukakata. Kwenye karatasi nitaweza kufika mwisho wa maneno yangu.

Jambo ni la Bright. Mwezi ujao itatimia miaka minne tangu ndugu yetu avuke hapa Mpondwe na lori la saruji kwenda Beni, Kongo. Lori lilikutwa limeungua njiani, mahali waasi huteka watu na kuwapeleka msituni. Yeye hakukutwa, wala mwili wake. Unayajua haya, ila nayaandika ili tuanzie mahali pamoja.

Mjomba Samsoni ameitisha kikao. Anasema kwa desturi ya upande wa Mama, mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba. Shina la mgomba hukatwa, likavikwa shuka, likalazwa kaburini mahali pake, watu wakalia na matanga yakaondolewa. Bila hivyo Edisa anabaki mke wa Bright na hakuna anayeweza kumposa. Na anayetaka yupo. Ni Ruben, mkulima wa Karusandara, mjane, mtu mpole. Huja na gunia la mahindi karibu kila wiki. Juzi Mama alimwambia, "Wewe Ruben, kila mara mahindi. Unafikiri mimi ni kuku?" Ruben akajibu, "Hapana, mama. Kuku hairudishi gunia." Tulicheka sote, na Edisa alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti yake ya kucheka.

Lakini Edisa mwenyewe amekataa mgomba, na sababu yake ni laini ya Bright. Kila Jumapili baada ya ibada huipiga. Huambiwa mteja hapatikani, naye hushusha simu akiwa ametulia. Aliniambia, "Bora huyo mama wa simu anasema haipatikani. Hajasema haiko. Laini ya jirani Sylivia ilikaa miezi tatu bila pesa, wakaipatia mutu wa Mbarara. Ya Bright iko miaka mine. Nani anaweka pesa kama si yeye?"

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza: wewe ndiye mtoto wa kiume aliyebaki, na Mjomba hatakata mgomba bila neno lako. Je, unakubali? La pili: wewe ni mtu wa mawasiliano. Laini inaweza kukaa miaka minne bila mwenyewe?

Edisa ana miaka thelathini na mmoja. Hawakujaliwa mtoto. Fikiri kabla ya kujibu.

Dada yako,
Feresita Lakica


Bengaluru, 18 Februari 2024

Dada Feresita,

Barua yako ilinifikia juzi, imepasuka pembe moja lakini kurasa zote zimo. Nimefurahi kusikia habari za mguu wa Mama. Mimi ni mzima. Joto limeanza huku, na mama mwenye nyumba huniletea wali na maziwa mgando kwa sababu anadai nimekonda. Jumapili nasali na Waganda watatu na Mkenya mmoja ambaye huimba kuliko sote na kukosea kuliko sote.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini nikakujibu "kompyuta" ili tumalize. Leo nikueleze vizuri.

Ninachora saketi juu ya silikoni. Saketi yote inatoshea juu ya punje ya mtama. Hufanya kazi kwa mawimbi ya mikrowevu, yanayotikisika mara mabilioni kwa sekunde moja. Chipu yetu itafungwa chini ya daraja, itume wimbi kwenye maji na kulisikiliza likirudi, ili ijue mto umepanda kiasi gani bila kuugusa. Nilipopewa kazi hii niliwaza mto wetu Nyamwamba na watu wanaokaa bondeni.

Ugumu ni kwamba kinachorudi ni kidogo mno. Na kwa mawimbi haya waya si waya tena. Ukiurefusha kwa upana wa unywele umebadilisha saketi. Ukiupinda, kona ile ina tabia yake. Nyaya mbili zikipita karibu husikiana bila kugusana. Na silikoni yenyewe, sakafu ambayo kila kitu kimejengwa juu yake, haizuii umeme kabisa; hupitisha kidogo. Nachora kwa miezi, nakisia kila kona kwa kompyuta, kisha mchoro hupelekwa kiwandani katika nchi nyingine pamoja na michoro ya kampuni nyingine, kama abiria waliochangia gari. Siku ikifika gari huondoka. Baada ya hapo huwezi kuongeza hata waya mmoja. Unasubiri miezi minne.

Yetu ilirudi Januari, na ina ugonjwa. Tumeiweka ndani ya sanduku la chuma ambamo hakuna wimbi linaloingia, tumeziba njia ya antena, na bado inasema kuna kitu mbele yake. Kitu chenyewe ni kidogo, lakini hakikomi. Nimebadilisha nyaya, vipimo, umeme. Bado inasikia. Mkuu wangu huniuliza kila asubuhi, "Leo imeona nini?" Wenzangu wanasema nimefuga jini.

Kuhusu Bright, nakuomba msikate mgomba. Mtu hazikwi kwa sababu Mjomba ana nafasi wakati wa kiangazi. Wapo waliorudi kutoka kule baada ya miaka mingi. Nitakuja Desemba, tuzungumze tukitazamana. Kuhusu laini, mimi natengeneza sikio la mashine, sijui sana mambo ya ofisi za laini. Mengi yanawezekana.

Msalimie sana shemeji Edisa.

Ni mimi ndugu yako,
Musinguzi


Bwera, 7 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Pasaka ilikwenda salama. Mvua ilinyesha siku ya Ijumaa Kuu hadi wanakwaya wakaimba wakiwa wameshika viatu mikononi. Mto umejaa lakini haujatoka nje. Mama amepanda maharage.

Habari za chipu nimezisoma mara mbili na nimezielewa. Lakini nilikuuliza maswali mawili. La kwanza umelijibu, ingawa si nilivyotaka. La pili umejibu kama mtu anayeomba kura. Kwa hiyo nilikwenda kuuliza mwenyewe.

Hapa Bwera kuna msichana anaitwa Babirye, anauza laini karibu na soko. Nilimpa namba ya Bright.

"Dada, laini haikai bure," alisema. "Miezi mitatu bila pesa tunaifunga. Halafu anauziwa mwingine."

"Hii ina miaka minne."

Akabonyeza-bonyeza, akatazama. "Basi kuna mtu anaiwekea."

"Nani?"

"Hiyo ni ya mwenye laini. Wewe ndiyo mwenye?"

Ilikuwa Ijumaa. Nilipaswa kukaa na habari ile kwanza, lakini kesho yake nilipofika Bugoye Mama alinitazama usoni akasema, "Sema." Nikasema.

Musinguzi, Mama alichinja yule jogoo mweupe. Alicheza uani kwa mguu ule ule mbovu, mpaka majirani wakaja kuuliza kama nimepata mchumba. Edisa alitoa mablanketi ya Bright sandukuni, akayafua yote na kuyaanika kwenye ua wa mbele, upande wa barabara, ili kila apitaye aone. Mama anasema, "Bright iko mahali. Imefungwa tu, imekosa njia. Lakini mukono wake inafika."

Ruben alikuja Jumamosi ile ile. Edisa alimpokea barabarani, hakumkaribisha ndani. Nilikuwa nyuma yao.

"Ruben, usikuje tena. Bwana yangu anaweka pesa kwa laini."

"Anaweka pesa kwa laini," Ruben alisema polepole. "Kwa nini hapigi?"

"Akirudi utamuuliza."

Ruben akalibeba gunia lake na kuondoka nalo.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikavuka mpaka hadi Kasindi na picha ya Bright. Afande wa kizuizini aliniuliza, "Mama, unatafuta bwana?" Nikasema natafuta ndugu. "Ah, mandugu beko mingi huku. Chagua!" Wenzake wakacheka. Nikampa picha. Aliitazama, akairudisha kwa mikono miwili na hakutania tena. Niliuliza kwenye maduka ya laini, kwenye maegesho ya malori, kwa masista wa zahanati. Hakuna aliyemwona.

Sasa Mama anataka nitafute pesa ile inawekwa kutoka duka gani. Kila jioni hunipigia simu kuniuliza nimefika wapi. Nisaidie. Kama kuna njia ya kujua pesa inatoka wapi, wewe utaijua. Andika upesi.

Feresita


Bwera, 2 Juni 2024

Musinguzi,

Barua yangu ya Aprili imekufikia, kwa sababu kwa simu umemwambia Mama pole kwa jogoo. Kwangu hujaandika.

Nakujua tangu ukiwa unatambaa. Ukivunja kitu ulikuwa unanyamaza.

Ni wewe unayeweka pesa kwenye laini ya Bright?

F.


Bengaluru, 23 Juni 2024

Dada,

Ndiyo. Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa salamu na kila mara salamu zimenishinda. Nisamehe kwa kuziacha.

Naweka kwa mtandao, kidogo tu, kila baada ya miezi miwili. Nilianza mwaka ule ule alipopotea. Nilijua laini hufungwa, nikawaza: akipata simu ya mtu msituni, au akiachiwa na walinzi wake, jambo la kwanza atatafuta laini yake, na akute imeuzwa? Ndivyo nilivyoanza. Baadaye sikuwa nikimngojea kwa namna hiyo tena, lakini tarehe ikifika nilikuwa naona kwamba nikiacha, mimi ndiye nitakayekuwa nimemzika, peke yangu, kwa kidole, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi. Sikuweza. Sikujua kwamba Edisa huipiga. Naapa sikujua, mpaka barua yako ya Januari. Na nilipojua ilikuwa rahisi kuandika juu ya waya na kona.

Ya Aprili niliisoma nikiwa kazini. Nilipofika kwenye jogoo nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi.

Nikueleze na hili, kwa kuwa lilitokea siku zile zile. Tumepata ugonjwa wa chipu. Ndani yake kuna sehemu inayotikisika yenyewe muda wote, ndiyo inayotupa wimbi tunalolituma mtoni. Wimbi hilo lilikuwa linavuja. Halikupita hewani, lilipita chini, ndani ya silikoni, likaibukia mlangoni pa sikio. Nilikuwa nimelizungushia uzio wa chuma kulizuia, lakini uzio huo niliufunga kwenye waya ule ule wa ardhi unaotumiwa na sikio. Uzio ndio uliolibeba. Mashine haikuwa na jini. Ilikuwa ikijisikia yenyewe na kutuambia kuna kitu mbele.

Mkuu wangu alifurahi, alinipiga bega, akasema sasa tunajua. Mimi nilikuwa nimeshika kipimo mkononi nikiona mablanketi kwenye ua.

Tarehe ya kuweka pesa ilikuwa juzi. Sijaweka.

Sijui utawaambiaje. Ukitaka niwaambie mimi kwa simu nitawaambia. Ukitaka nitukanwe nitakaa kimya nitukanwe.

Musinguzi


Bwera, 28 Julai 2024

Musinguzi,

Nimekuambia mara nyingi kwamba nina shajara na huandika kila siku kabla ya kulala. Siku niliyopokea barua yako nimeandika tarehe tu.

Nilikaa nayo hadi Jumamosi. Nilikuwa na hasira hata nikamkaripia dereva ambaye makaratasi yake hayakuwa na kosa lolote. Sikutaka uwaambie kwa simu. Wao ndio ungewapa kazi ya kukubembeleza.

Niliwakalisha jikoni, Mama kwenye mkeka, Edisa kwenye kigoda akichambua maharage. Nilisema yote kwa mpangilio, tangu siku uliyoanza. Mama hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo miaka hiyo yote alikuwa anawekea ndugu yake pesa." Nikasema ndiyo. "Umwambie asante," akasema. "Halafu umwambie aache." Akajifunika uso kwa kanga.

Edisa aliendelea kuchambua maharage mpaka ungo ukaisha. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Miaka mine nasalimia shemeji yangu, nafikiri ni bwana yangu." Akachukua dumu akaenda mtoni. Alirudi bila maji. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakunja mablanketi.

Nilimwambia Jumatatu nitapita Karusandara nikaongee na Ruben. Akasema, "Usijisumbue, wifi." Yeye alikuwa ameshasikia kanisani, mimi nikawa wa mwisho. Ruben amechumbia mwanamke mwingine huko huko kwao. Harusi ni mwezi ujao. Hawezi kulaumiwa, aliambiwa mume yupo.

Hilo ndilo lililotokea. Nimeliandika kama lilivyo. Sitaki uandike barua ya kuomba msamaha kwa Mama. Kwa Edisa andika, lakini usimweleze habari za chipu.

Mjomba Samsoni anauliza tena juu ya mgomba.

Feresita


Bengaluru, 13 Oktoba 2024

Dada Feresita,

Salamu kwako na kwa Mama. Mvua ya huku imefurika hadi barabara ya kwetu, na mama mwenye nyumba ananiuliza mashine yangu ya mito iko wapi sasa inapohitajiwa.

Nimemwandikia shemeji. Hajajibu, na sitegemei.

Mwambie Mjomba nakubali. Akate.

Nilisema nitakuja Desemba. Sitaweza. Mchoro mpya, wenye uzio uliofungwa kwenye waya wake wenyewe, unaondoka kwenda kiwandani tarehe kumi Januari, na aliyekosea ule wa kwanza ni mimi. Kampuni haitaniachia wiki hizo. Nimeomba mara mbili. Msinisubiri. Mmewasubiri watu vya kutosha.

Udongo wa kwanza, ambao ningetupa mimi, uutupe wewe. Najua ni wa mwanamume. Mwambie Mjomba nimesema hivyo.

Musinguzi


Bwera, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Musinguzi,

Mwaka mpya umetukuta hai. Mama ni mzima, mguu ni ule ule. Kahawa ya mwaka huu ni kidogo. Natumaini mchoro wako umeondoka salama.

Tumemzika Bright Jumamosi tarehe nne.

Nianze kabla ya hapo. Edisa alikuwa amekubali kwa mdomo, lakini kila Jumapili bado aliipiga ile namba. Tangu Septemba alikuwa anaambiwa haipo. Aliendelea. Jumapili ya mwisho ya Novemba simu iliita. Nilikuwa karibu naye nje ya kanisa, nikamwona anashika ukuta. Sauti ya mwanamume ikasema, "Halo? Halo, nani?"

Edisa akauliza, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi Oryem, mama. Niko Gulu. Laini ni mpya, nimenunua jana. Ulitaka nani?"

Nilidhani atakata. Akasema, "Nilitaka mwenyewe wa zamani. Hayuko. Uitunze vizuri, Oryem."

"Haya, mama. Asante."

Akafuta namba palepale, akanipa simu nihakikishe imefutika.

Siku ya maziko walikuja watu wengi kuliko tulivyodhani, hata madereva wa saruji aliofanya nao kazi, wamesimama pamoja na kofia mikononi. Mchungaji alikuwa ametuambia kanisa halina ibada ya mgomba. Alikuja hata hivyo, bila kanzu, akaketi na wanaume.

Vijana walileta shina wakalilaza uani juu ya mkeka. Mama alitoka akalitazama. "Fupi hiyo," akasema. Mjomba akamwambia, "Zerida, ni mgomba tu." Mama akasema, "Fupi. Bright alikuwa anainama kwa mlango. Leteni ingine." Wakaenda wakaleta jingine, wakabishana ni refu kiasi gani. Mmoja akasema Bright alimzidi yeye kwa kichwa, mwingine akasema si kweli. Wanaume wazima, madereva, jirani, Mjomba, hakuna aliyekumbuka kimo chake.

Basi Edisa akatoka miongoni mwa wanawake. Akawaambia wausimamishe mgomba. Akausogelea akasimama mbele yake, karibu sana, akaweka paji la uso juu ya shina. Alikaa hivyo. Kisha akaweka kidole pale paji lilipogusa. "Hapa ni shingo," akasema. "Kutoka hapa ongezeni kichwa, mukate."

Wakapima kichwa, wakakata. Mama aliuvika shuka yeye mwenyewe.

Udongo wa kwanza niliutupa mimi. Mjomba hakubisha. Nilitaja jina lako kwanza, halafu langu. Kaburi lake liko upande wa kulia wa lile la Baba.

Siku ya tatu Edisa alifunga mizigo yake. Mama alimpa mablanketi yote na kuku watatu. Amerudi kwao, mlimani juu ya Bwera. Nilimsindikiza hadi njia panda. Nilimuuliza kama amekusamehe, kwa sababu nilijua utataka kujua. Alifikiri akasema, "Mwambie sina hasira. Mwambie alinipa miaka mine, na nilikuwa naihitaji kwa kitu kingine." Nimekuandikia alivyosema. Sitakulainishia.

Mimi sina la kukudai. Uliweka pesa, mimi nilipeleka habari nyumbani bila kuichunguza. Mama hukuombea kila jioni na hukutaja kwanza.

Niliporudi kazini lori la kwanza kutoka upande wa pili lilifika kizuizini, la saruji, tupu. Nikainuka kwenye kiti, nikashika dirisha, nikanyoosha shingo kumtazama dereva, kama nilivyofanya kwa kila lori linalorudi kwa miaka karibu mitano, jambo ambalo sijawahi kukuambia wala kuliandika popote. Dereva alinipungia mkono. Ndipo nikakumbuka kwamba tumemzika. Nikaketi, nikapokea makaratasi yake.

Dada yako,
Feresita